Saumu Yangu, Kiu ya Kadzo

Mwanangu Zuhura, iko siku moja ya ujana wangu ambayo hunijia kila mwezi wa Ramadhani unapoandama, na mwaka huu imenijia mapema kwa sababu yako wewe. Ijumaa ulipokuja kunitazama hapa Mambrui ulinieleza kwa furaha kwamba umepewa usimamizi wa ile hoteli ya Watamu, watu arobaini chini yako, wapishi na wafagiaji na wafua mashuka. Nikakuombea dua. Halafu ukanionyesha kwenye simu fulana mlizochapisha kwa ajili ya siku ya afya ya wafanyakazi, ukasema mwalimu wa mazoezi atatoka Mombasa na keki itakatwa. Nikauliza hao wapishi wenyewe hula wapi mchana. Ukasema hula wamesimama, kule nyuma karibu na taka, harakaharaka. Nikauliza, hakuna viti? Ukasema, "Vilikuwepo, Ami, nikaviondoa. Wakikaa wanasahau kuinuka."

Ulicheka uliposema hivyo, ukaongeza kwamba wanaokwenda chooni unawaandika majina, na kwamba yuko mzee mmoja wa kufua mashuka ambaye ni mzito wa kazi. Mimi sikucheka, na nadhani uliniona, maana hapo hapo ukageuza mazungumzo ukaanza kuniuliza habari za sukari yangu. Sikukujibu siku ile kwa kuwa nilikuwa na maneno mengi na wewe ulikuwa na haraka ya kurudi kazini. Sasa leo huna haraka. Jimiminie chai, na mimi unimiminie, tena usinipunjie sukari kwa kisingizio cha daktari, unisikilize.

Kabla ya kuwa mzee wa kulalamika magoti, nilikuwa kijana wa chumvi. Nilifanya kazi kule juu ya Gongoni, ukielekea Marereni, kwenye kampuni moja ambayo wenyewe walishaiuza siku nyingi wakaenda zao. Nilianza na reki mkononi kama wengine. Kazi yetu ilikuwa kukwangua chumvi iliyogandia kwenye mabwawa, kuikusanya mafungu mafungu, kisha kuibeba kwa makarai kichwani hadi kwenye ghala. Ungeniona wakati ule ungenicheka, mtoto wa mjini, sijui hata kushika reki, nimekwenda siku ya kwanza na kanzu fupi ati nguo ya kazi.

Aliyenifundisha kazi ni Kadzo. Alikuwa mwanamke wa rika langu, Mgiriama wa kule ndani ng'ambo ya barabara kuu, mrefu, mwenye sauti iliyokuwa ikisikika bwawa la tatu. Alinionyesha jinsi ya kukunja mgongo nisije nikaumia, na jinsi ya kufunga matambara miguuni, maana maji yale ya chumvi huchana ngozi ya mguu mpaka unaona ndani. Akinitania kutwa kucha. Akiniita Athmani Kanzu, na bwawa zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Ningali nausikia mzaha ule mpaka leo, na nikwambie kweli, katika siku zangu zote za kazi sijapata tena furaha kama ile ya kuwa mtu wa mwisho pale mwenye reki mbovu kuliko wote.

Ikifika saa nne asubuhi tulikuwa na desturi yetu. Katikati ya mabwawa, juu ya tuta, palikuwa na banda dogo la makuti, na chini yake pipa la maji baridi. Maji hayo aliyaleta Mzee Karisa kwa gari la punda, kutoka kisima cha mbali ambako maji hayana chumvi. Tukinywa kwanza, wanawake kisha wanaume, na kinachobaki kwenye kata tunajimwagia miguuni kuosha chumvi. Halafu inapita chupa ya mafuta ya nazi mkono kwa mkono, kila mmoja anajipaka nyayo na vifundo, huku Kadzo akianzisha wimbo. Robo saa, labda na kidogo. Tukiinuka pale tunajiona watu wapya.

Mimi niliipenda robo saa ile mpaka siku niliyofanywa nyapara. Nilipata cheo kwa sababu nilijua kusoma na kuandika vizuri, si kwa sababu nyingine, lakini kijana haambiwi hivyo akaelewa. Nikapewa viatu virefu vya mpira, saa ya mkono, na kibanda changu chenye kivuli na meza. Nikaanza kusimama juu ya tuta na mikono nyuma. Ile robo saa niliyokuwa nikiingoja kama mtoto anavyoingoja sikukuu, sasa niliitazama kwa saa yangu nikaiona ndefu kupindukia.

Mwaka huo Ramadhani ikaangukia kwenye kaskazi, joto la kukausha mate, na masika yalikuwa yanakaribia. Meneja alitaka chumvi yote iwe imeingia ghalani kabla ya mvua ya kwanza, na mimi nilitaka meneja ajue kwamba hakukosea kunichagua. Nilikuwa nimefunga. Nikawatazama wale watu wamekaa kivulini wanakunywa maji, saa nne tu ya asubuhi, na mimi koo limenikauka tangu alfajiri na kazi yangu inakwenda. Moyo ukaniambia, wewe hunywi hadi magharibi na hufi, hawa wana nini?

Naona aibu kulisema mbele yako, lakini ndivyo nilivyowaza. Sikufikiri kwamba mimi niko kibandani na wao wako juani na karai kichwani. Nilijiona mvumilivu, na uvumilivu wangu nikaugeuza kuwa kanuni ya watu wengine. Nikamwamuru Mzee Karisa alihamishe pipa kutoka bandani hadi kule getini, kando ya ghala, mwendo mrefu kutoka mabwawani. Nikatangaza kwamba maji yatanywewa saa sita, mara moja, na atakayekwenda kabla ya hapo nitamwandika jina.

Mzee Karisa hakubishana. Akamfunga punda wake kwenye gari, akalihamisha pipa. Alikuwa mzee wa maneno machache, hakuwa Mwislamu wala hakuwa mtu wa kanisa, alifuata mila za kwao. Na nikwambie jambo moja juu yake ambalo utalihitaji baadaye. Tangu mwezi mwandamo alikuwa akiniwekea maji ya kufuturia kwenye mtungi wake mdogo, ameufunika kwa kitambaa kibichi upate ubaridi. Sikumwomba. Aliona tu kwamba nyumbani kwangu ni mbali na adhana hunikuta njiani, akaniwekea.

Siku mbili za kwanza mafungu ya chumvi yaliongezeka. Meneja alipita akanipiga bega, akasema kijana unajua kazi. Usiku ule nililala nimevimba kichwa. Sikutilia maanani kwamba mabwawani nyimbo zilikuwa zimenyamaza, na kwamba hakuna tena aliyenitania.

Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, nikasikia kishindo cha karai na wanawake wakaita. Nilipotoka kibandani nikamwona Kadzo amelala kwenye chumvi, chali, midomo imepasuka, macho yamerudi nyuma. Leso aliyojifunga ilikuwa imelegea, na hapo ndipo nilipoona tumbo. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Kila mtu pale alijua isipokuwa mimi. Wale tuliokuwa tukipeana mafuta ya nazi walikuwa wakijuana, na mimi nilikuwa nimeacha kuwatazama watu, natazama mafungu.

Tulimbeba kwa gari la punda la Mzee Karisa hadi zahanati ya Gongoni. Muuguzi alisema mwili umekauka maji, na kwamba mtoto anasikika lakini kwa mbali, na hajui kama atabaki. Nilisimama nje pale ukutani, Zuhura. Nilijua nimefanya nini.

Ungetegemea hapo niseme nilitubu. La. Nilirudi kazini, meneja akaniuliza imekuwaje, nikamwambia yule mwanamke alikuja kazini mgonjwa, tena mjamzito, na akaficha. Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa. Meneja akasema basi asirudi, hatuwezi kubeba dhima ya watu wanaoficha maradhi. Nikasema ndiyo bwana. Hivyo Kadzo akawa amelala zahanati hajui kama mtoto wake ataishi, na kazi yake imekwisha, na aliyemfanyia yote mawili ni mimi, mwanafunzi wake.

Jioni ile nilikwenda getini kuchukua baiskeli yangu. Nilimkuta Mzee Karisa amekaa kando ya ghala, na mtungi wangu wa maji uko palepale, umefunikwa kama kawaida. Nilitaka kupita. Akaniita, akasema jua limeshazama, kaa ufuturu. Nikakaa. Nikafungua kinywa kwa tende, nikanywa maji yake, na maji yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Yeye alingoja. Aliningoja hadi nikamaliza, kisha akaniuliza kwa upole, "Umeshafuturu?" Nikamwambia nimeshafuturu. Akasema, "Basi sasa nikwambie. Sikutaka kumsema mtu aliyefunga."

Nikaanza kujitetea kabla hajasema neno. Nikamwambia mimi mwenyewe sikunywa tangu alfajiri, sikuwatendea jambo ambalo sijitendei mwenyewe. Akasema:

"Wewe umefunga kwa nia yako, Athmani. Umekula daku, umekunywa, umekaa kivulini. Kadzo umemfungisha wewe. Hana daku, hana nia, na tumboni ana mtoto. Mimi kila siku nakuwekea maji kwa kuwa naijua kiu yako, na hatuswali pamoja. Wewe ya kwetu umeshindwaje kuijua, na ulikuwa nasi?"

Hakupandisha sauti. Akainuka, akaosha kata yake, akamfungua punda akaenda zake. Mimi nilibaki pale na kokwa ya tende mkononi, nikalia. Nililia kama mtoto, na sikujali nani anapita.

Asubuhi sikwenda mabwawani. Nilikwenda moja kwa moja kwa meneja, nikamweleza kwamba jana nilisema uongo. Nikamweleza pipa nililihamisha mimi, na kanuni ile ni yangu, na Kadzo hakuficha ugonjwa wowote, alikauka kwa kiu ambayo nilimpa mimi. Meneja alikuwa mtu wa sauti ya chini. Akaniuliza kama najua kwamba kwa maneno hayo anaweza kuninyang'anya cheo. Nikasema najua. Akaizungusha kalamu yake mezani. Mwisho akasema cheo nitabaki nacho, kwa sababu nyapara mwingine atakayekuja atahamisha pipa tena, na mimi angalau sitahamisha. Lakini nilirudishe kwa mikono yangu, mchana kweupe, watu wote wakiona. Na Kadzo akipona arudi, ashone magunia kivulini mpaka ajifungue, kisha achague mwenyewe kazi ya kufanya.

Nililibingirisha pipa lile kutoka getini hadi bandani. Nilivua viatu vya mpira kwanza, maana niliona haya kuvivaa siku ile, na nilipofika kati ya mabwawa chumvi ilikuwa imeshanichana. Hakuna aliyenicheka wala aliyenisaidia. Mzee Karisa akajaza maji, watu wakaja wakanywa, na kila aliyekunywa alinitupia jicho mkononi kuona kama naangalia saa. Nikaivua nikaitia mfukoni. Hata hivyo waliinuka upesi, wakarudi juani kabla ya wakati. Ilichukua wiki nyingi kabla ya watu kukaa tena pale kwa raha, na siku moja, masika yakiwa yameshapita, nikasikia mwanamke mmoja ameanzisha wimbo. Nilijificha nyuma ya fungu la chumvi. Waliponiuliza mbona macho mekundu nikasema ni chumvi.

Lakini habari haikuishia kwenye pipa, na hapa nirudi nyuma kidogo. Kadzo alitoka zahanati baada ya siku tano, na mtoto alikuwa amebaki. Nilipopata habari hiyo nikamshukuru Mungu, nikapanda baiskeli nikaenda kwake kumpelekea habari njema ya kazi. Njiani nilikuwa nikijipangia maneno. Nitaomba radhi, nitamwambia kuhusu magunia na kivuli, naye atafurahi, atanitania kama zamani. Ndivyo nilivyojidanganya, njia nzima.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda anachambua mnavu. Alikuwa amekonda shingo. Akanikaribisha vizuri, akaniletea kiti. Niliomba radhi, sikuficha kitu, hata ule uongo nilimwambia. Akasikiliza huku mikono inaendelea na mboga. Nilipomaliza habari ya magunia akasema ahsante, na kwamba hatarudi.

Nikamuuliza kama ni kwa ajili ya mtoto. Akasema hapana, mtoto anacheza vizuri. Nikamuuliza kama kivuli hakitoshi, tutaongeza makuti. Hapo akaiacha mboga akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nifike.

"Siku ile nililiona pipa," akasema. "Nilikuwa na nguvu ya kufika. Nilikuogopa wewe kuliko kiu, nyapara. Mtu ninayemwogopa hivyo siwezi kufanya kazi naye."

Nikaaga. Akaniambia nimsalimie kila mtu bwawani.

Alijifungua mtoto wa kike, mzima, na sasa binti huyo ana watoto wake. Kadzo mwenyewe aliuza mahamri na mbaazi pale Gongoni miaka mingi, na mimi nilikuwa mteja wake wa kudumu, na hadi leo nikipita kule simkosi. Tunasalimiana, tunaulizana watoto, ananipakulia mbaazi za nyongeza. Hana kinyongo na mimi, nalijua hilo. Ila kabla ya pipa aliniita Athmani Kanzu, na tangu siku ile hajaniita jina langu tena. Ananiita nyapara. Niliacha unyapara zamani sana, nywele zimekuwa nyeupe, na Kadzo bado ananiita nyapara. Kila akiniita hivyo moyo huniuma pale pale.

Sasa nakuja kwako, mwanangu. Fulana zako ni nzuri, sikatai, na keki watu wataila. Lakini afya ya wafanyakazi wako haimo kwenye siku moja ya mwalimu wa mazoezi. Imo kwenye kile kiti ulichokiondoa. Kirudishe, tena ukibebe mwenyewe, wakuone, na uwatafutie mahali pa kulia chakula palipo mbali na taka. Siku moja kula nao, usikae peke yako ofisini na kipupwe chako cha mashine. Usipime uchovu wao kwa uchovu wako, kwa sababu wewe mlo wako ni wa raha na kiti chako kina mto, hata kama unatoka kazini umechoka hoi. Mimi nilipima kiu ya watu kwa kiu yangu na nusura nimuue mtoto.

Jua nani ni mjamzito, nani anamuuguza mama, nani hapati usingizi. Hutayajua hayo kwa kuandika majina ya wanaokwenda chooni, mwanangu. Utayajua wakiona kwamba aliyekwambia jana hakuadhibiwa. Anayeumwa mpe ruhusa aende kwa daktari bila kumwangalia kama mwizi. Yule mzee wa kufua mashuka uliyesema ni mzito, kaa naye umuulize ni nini kinachomuuma, maana yeye ameishika kazi hiyo kabla yako na anajua mambo ambayo hujafundishwa popote. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, nenda ukaseme mwenyewe kabla hujaulizwa. Mimi nilichelewa kusema kwa siku moja tu. Kazi ya Kadzo niliirudisha, lakini Kadzo mwenyewe sikumrudisha.

Na ukimsikia mtu anakutania mbele ya wenzake, usikasirike. Cheka naye. Siku watakaponyamaza ndipo uingiwe na hofu.

Haya, chai imepoa na wewe unafuta machozi, na sikukusudia kukuliza. Njoo karibu nikuwekee mkono kichwani kama nilivyokuwa nikifanya ulipokuwa mdogo. Mola akupe kazi yenye baraka, akulinde na kiburi cha cheo ambacho kilinipata mimi, akuzidishie afya wewe na wote walio chini ya mkono wako. Akujaalie watu watakaokwambia wana kiu kabla hawajaanguka. Amin.